Hivi mwenye kisukari anafaa kufanyiwa leza ya kuacha miwani? Nimepewa majibu mawili tofauti

#1 Mwana_Nkuhungu

Wakuu habari za jioni.

Nina miaka 36, nafanya kazi Mtumba. Kisukari aina ya pili niligundulika miaka mitatu iliyopita, nipo kwenye metformini tu, sindano bado. Miwani nimevaa tangu kidato cha pili: sioni mbali, kulia -4.50, kushoto -4.00. Nimeichoka kwa kweli. Nikipanda bodaboda asubuhi helmeti inaikandamiza fremu puani, vumbi la mwezi wa nane mnalijua, nikifika ofisini kazi ya kwanza ni kufuta vioo kwa shati.

Nilipokuwa Dar kikazi nikapita kliniki moja binafsi inayofanya leza ya kuondoa miwani. Dada wa mapokezi alikuwa anajaza fomu vizuri tu, tulipofika kwenye magonjwa ya kudumu nikasema kisukari, akaweka kalamu chini. "Wenye kisukari hatufanyi." Hata kupimwa sikupimwa. Nikapiga simu kliniki nyingine, nikaeleza yale yale, wao walichotaka kujua ni nalipa taslimu au kwa benki.

Sasa nani mkweli hapo? Na kuna jingine: nilipoanza dawa ya sukari, miwani ikawa kali ghafla, kichwa kinagonga, halafu baada ya muda ikarudi sawa yenyewe. Fundi mmoja wa miwani akaniambia macho yangu "hayajatulia". Hayajatulia vipi?

Waliopitia naomba mwongozo.

#2 Siti_ya_Mbele

Nimewahi nafasi. Wajuzi njooni.

#3 Kijana_wa_Chimwaga

Mkuu achana nayo. Baba yangu mdogo ana kisukari, alichomwa leza macho yote mawili. Alikuwa anaendesha gari Dodoma hadi Singida usiku bila wasiwasi. Baada ya leza, usiku hasogei, na kitu kikitokea pembeni anashtukia kimeshafika. Leza na kisukari haviendi pamoja.

#4 Nesi_wa_Macho

@Kijana_wa_Chimwaga pole kwa mzee, ila hapo unachanganya mambo. Aliyofanyiwa baba yako mdogo ni leza ya retina, kule nyuma ya jicho. Hiyo hufanyiwa watu wenye kisukari hasa. Sukari ikishaharibu mishipa midogo, retina inakosa hewa, jicho linaanza kuotesha mishipa mipya dhaifu inayovuja damu. Daktari anachoma sehemu za pembeni, mara nyingi zaidi ya vidoa elfu moja kwa jicho, ili mishipa hiyo isinyae. Gharama yake ndiyo hiyo uliyoiona: pembeni na usiku panapungua. Lakini asingechomwa angeweza kupoteza hata katikati. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani miaka ya 1970 ulionyesha leza hii inapunguza hatari ya kupoteza uono vibaya kwa zaidi ya nusu.

Mleta uzi anaulizia leza ya konea, kioo cha mbele. Ile inanyoa konea kidogo ibadilike umbo ili mwanga utue mahali pake. Mashine tofauti, sababu tofauti, hata mtaalamu mara nyingi ni tofauti.

#5 Kijana_wa_Chimwaga

Sawa nesi, ila mzee mwenyewe anasema "leza iliniharibia macho" na ukoo mzima umeshaamini. Nenda wewe ukawaambie.

#6 Chalinze_Nyama

Na kuna ya tatu. Mama yangu alitolewa mtoto wa jicho Mvumi, akakaa vizuri, baadaye ukungu ukarudi. Akapigwa leza dakika chache tu, hakuna kisu wala bandeji, akatoka anasoma namba za magari barabarani. Naye ana kisukari cha siku nyingi. Kwa hiyo hii kauli kwamba leza na kisukari haviendi haina miguu.

#7 Nesi_wa_Macho

Sahihi. Hiyo inatoboa utando ulio nyuma ya lenzi ya bandia, unaopata ukungu baada ya upasuaji. Na ya nne ipo, ya presha ya macho. Tukirudi kwenye swali, mleta uzi: kisukari peke yake hakikufungii mlango, ila kinakuongezea maswali. HbA1c yako ya mwisho, kile kipimo cha wastani wa sukari, ilikuwa ngapi? Retina ulipimwa lini kwa matone ya kutanua mboni?

#8 Mpinga_Biashara

Mimi naona tofauti. Wale waliokukataa wanalinda takwimu zao. Mgonjwa mwenye kisukari akipata shida wanaumbuka mitandaoni. Na wale waliokuuliza pesa wanataka pesa. Hakuna aliyeangalia jicho lako hapo, wote biashara.

#9 Fundi_Fremu

Habari wanajukwaa. Mimi napima miwani hapa mjini. Huyo mwenzangu aliyekwambia macho hayajatulia alikuwa sahihi.

Mteja akisema ana kisukari, swali langu la kwanza ni leo umeamka na sukari ngapi. Akiniambia 15 simpimi, namwambia rudi ikishuka na ikae chini wiki kadhaa. Ni kama fundi cherehani kumpima kiuno mtu ambaye tumbo linavimba asubuhi na kupungua jioni, suruali itamkataa tu. Ndani ya jicho kuna lenzi. Sukari ikipanda kwenye damu inaingia na kwenye lenzi, inageuka kuwa sorbitoli, inavuta maji, lenzi inavimba, namba inabadilika. Ukianza dawa sukari inashuka, maji yanatoka taratibu, namba inarudi. Ndiyo ile miwani yako kuwa kali ghafla.

Sasa fikiria: leza inanyoa KONEA kwa kufuata namba uliyokuja nayo siku ile. Lenzi haiguswi. Ukifanyiwa sukari ikiwa juu, siku ikishuka utajikuta na namba nyingine, na konea iliyonyolewa hairudi.

#10 Bi_Zabibu

@Fundi_Fremu mbona mimi ilikuwa kinyume? Nilivyogundulika nilikuwa na 22. Siku hizo mbali nilikuwa naona kama tai, bango la ng'ambo ya barabara nasoma. Karibu ndiyo kulipotea, uzi wa sindano nikawa nampa mwanangu aniingizie. Kwa maelezo yako sukari ikipanda si ningekuwa sioni mbali?

#11 Fundi_Fremu

Dada yangu, wengi ninaowaona ni hivyo nilivyosema, sukari juu wanazidi kutoona mbali. Wewe labda ulishaanza kudunda umri.

#12 Bi_Zabibu

Nilikuwa na 29. Umri wako wewe ndio umedunda.

#13 Siti_ya_Mbele

😂😂 Fundi tafuta pa kupita.

#14 Nesi_wa_Macho

Zote mbili zinaonekana kliniki. Waliosoma zamani walifundishwa kwamba sukari ikipanda unasogea kwenye kutoona mbali, na ikishuka kwa dawa unasogea upande wa pili. Lakini zipo ripoti za wagonjwa waliobadilika kinyume wakiwa na sukari juu, kama Bi_Zabibu. Wengine wanasema ni umbo la lenzi, wengine wanasema ni maji yaliyomo ndani yake kubadilisha namna inavyopinda mwanga. Kwa mwenye kutaka leza mwelekeo hauna maana sana. Akibadilika upande wowote, bado hajatulia.

#15 Mpinga_Biashara

Kwa hiyo hata wataalamu hawajaelewana, ila wanataka kuninyoa jicho. Sawa.

#16 Msomi_wa_Makole

Tuweke ushahidi mezani. FDA ya Marekani, wanaoidhinisha hizo mashine, wanakitaja kisukari kwa jina kwenye orodha ya hali zinazoweza kuzuia kidonda kupona vizuri baada ya LASIK (ndiyo hiyo leza ya konea, wanakata kwanza kifuniko chembamba juu yake), pamoja na lupasi, baridi yabisi, VVU na dawa kama steroidi. Hawasemi ni marufuku, wanasema ni hatari ya kujadili na daktari. Kisukari wanakitaja tena pale wanapoongelea namba isiyotulia.

Halafu kuna utafiti wa 2002, Marekani huko huko. Walichukua macho 30 ya wenye kisukari waliofanyiwa LASIK, wakalinganisha na wasio na kisukari. Matatizo yalitokea kwa asilimia 47 ya macho ya wenye kisukari, wale wengine asilimia 6.9. Zaidi ilikuwa ngozi ya juu ya konea kubanduka na kuchelewa kushika.

Kwa namba hizo mimi yule dada wa mapokezi simlaumu.

#17 Mwana_Nkuhungu

Asilimia 47!! Mkuu umenimaliza.

#18 Nesi_wa_Macho

@Msomi_wa_Makole umesema kweli, ila malizia. Macho 30 ni watu 15 hivi. Na mashine za wakati ule nyingi zilikuwa zinakata kifuniko cha konea kwa wembe, ambao unaburuza ile ngozi ya juu. Miaka iliyofuata zikaja tafiti nyingine, nazo ndogo, za watu waliochaguliwa: sukari imedhibitiwa, retina safi, konea nzima. Matokeo yao yalikuwa mazuri. Ndiyo maana leo madaktari wengi wanasema "inategemea" badala ya "hapana".

#19 Msomi_wa_Makole

Ukichagua walio wazima tu, lazima matokeo yawe mazuri. Hiyo haimsaidii mwenye kisukari wa kawaida wa Dodoma anayepima sukari mara moja kwa mwezi akienda kuchukua dawa.

#20 Nesi_wa_Macho

Nakubali. Ndiyo maana huyo wa mara moja kwa mwezi hatakiwi kwenye leza.

#21 Asali_ya_Manyoni

Ndugu zangu mnazunguka sana. Asali ya nyuki wadogo, tone moja asubuhi na moja jioni, ndani ya jicho. Bibi yangu alifikisha miaka 90 anachambua mchele bila miwani.

#22 Chalinze_Nyama

Mtu ana kisukari unamtia asali mpaka machoni 😂

#23 Nesi_wa_Macho

Tafadhali msiweke asali ya chupa ya dukani wala ya mzinga jichoni. Tunapokea watu wenye vidonda vya konea kwa ajili ya vitu vya namna hiyo: asali, maziwa ya mama, maji ya majani. Mwenye kisukari kidonda kama hicho kinamchelewa kupona, na kovu likibaki katikati ya konea hakuna leza ya kukuondolea miwani tena. Na bibi kuchambua mchele bila miwani uzeeni huenda alikuwa haoni mbali tangu ujana. Watu hao karibu huwa wanaona.

#24 Mama_Kibaigwa

Naomba niongeze kitu ambacho watu wa mjini hamkijui. Sisi tuliokulia Kongwa tumekua na vikope, trakoma hiyo. Watafiti wamekuja kwetu tangu miaka ya 1980, sisi ndio tuliokuwa tunageuzwa kope shuleni, tunanawishwa nyuso, baadaye tukagawiwa dawa ya azithromaisini. Mimi nilipona lakini ndani ya kope nina makovu.

Nilienda kuulizia hiyo leza, na kisukari SINA. Daktari akageuza kope, akaangalia kwa taa, akasema macho yangu ni makavu, makovu yameharibu tezi, leza itayakausha zaidi. Nikarudi nyumbani na miwani yangu.

Kwa hiyo mleta uzi, pengine unahangaika na kisukari kumbe la kukuzuia ni jingine kabisa. Umekulia wapi?

#25 Mwana_Nkuhungu

Mama shikamoo. Nimekulia Mlali, huko huko Kongwa. Sijawahi kugeuzwa kope na daktari yeyote wa miwani.

#26 Mama_Kibaigwa

Marahaba mwanangu. Basi wakugeuze kope hata kesho.

#27 Nesi_wa_Macho

Mama umegusa penyewe. LASIK inakata mishipa ya fahamu ya konea. Mishipa hiyo ndiyo inayoliambia jicho litoe machozi. Kwa mtu mzima inaota upya taratibu, miezi kadhaa, na kipindi hicho jicho linakuwa kavu. Mwenye kisukari mishipa hiyo inaweza kuwa imeshapungua kabla hata hajaguswa, kama wanavyopata ganzi miguuni. Weka juu yake upepo na vumbi la Dodoma, weka makovu ya vikope, unapata jicho linalochoma siku nzima. Mimi nikiulizwa naogopa ukavu kuliko retina.

#28 Fundi_Fremu

Na mimi nabaki pale pale: namba isiyotulia ndiyo ya kwanza. Ukavu una matone. Konea iliyonyolewa kwa namba ya uongo haina dawa.

#29 Msomi_wa_Makole

Mimi retina. Wakati wa kukata kifuniko wanabana jicho kwa duara la kunyonya, presha ya ndani ya jicho inapanda sana kwa sekunde kadhaa. Mwenye mishipa dhaifu huko nyuma hiyo si mchezo.

#30 Siti_ya_Mbele

Nesi anasema ukavu, fundi anasema namba, msomi anasema retina, Mpinga anasema pesa. Mleta uzi chagua ugonjwa wako.

#31 Mzee_wa_Kikuyu

Vijana, mimi nina miaka 53, kisukari mwaka wa kumi na kitu. Sina shida ya mbali, gazeti ndio sioni. Hiyo leza inanifaa?

#32 Fundi_Fremu

Shikamoo mzee. Hiyo ni ya umri, lenzi imekuwa ngumu, haijikunji tena kuangalia karibu. Kuanzia miaka 40 na kitu inamfika kila mtu, leza ya kawaida ya konea haiizuii. Njoo uchukue miwani ya kusomea, haizidi bei ya kilo ya nyama.

Na hili mleta uzi alisikie. Una 36. Ukirekebishwa leo uone mbali safi, miaka michache ijayo utavaa miwani ya kusomea. Sasa hivi ukiivua ya -4.50 karibu unasoma bila shida, hiyo bahati utaipoteza. Kliniki nyingi hazikwambii.

#33 Mzee_wa_Kikuyu

Marahaba. Kilo ya nyama ya wapi, maana bei ya Majengo na ya Sabasaba si moja.

#34 Bi_Zabibu

Mzee na retina ulipimwa lini? Aina ya pili wanatakiwa kupimwa siku ile ile wanapogundulika na kila mwaka baada ya hapo, kwa sababu sukari inakuwa imeshakaa mwilini muda bila mtu kujua. Mimi nilijua hilo nimechelewa. Usisubiri mpaka uone giza, retina inaharibika bila maumivu.

#35 Mzee_wa_Kikuyu

Sijawahi. Nitakwenda Jenerali wiki ijayo.

#36 Dereva_wa_Manyoni

Mleta uzi kama tatizo ni HbA1c tu, shusha haraka. Mimi nilikaa na maji na mboga za majani, sukari ikashuka kutoka 16 mpaka 5 ndani ya muda mfupi sana. Kapime, wakukubalie, fanya leza, urudi kwenye ugali wako.

#37 Nesi_wa_Macho

Usimdanganye mwenzako. Kwanza HbA1c inasoma wastani wa miezi miwili mitatu, huwezi kuidanganya kwa mfungo wa siku chache. Pili, retina iliyozoea sukari ya juu ukiishusha kwa kishindo inaweza kuharibika zaidi kwa muda kabla ya kupata nafuu. Lilionekana kwenye ule utafiti wa DCCT wa 1993, wa kisukari aina ya kwanza. Utafiti huo huo ndio ulioonyesha kwamba waliodhibiti sukari vizuri kwa miaka walipunguza hatari ya retina kuanza kuharibika kwa asilimia 76. Kushusha ni lazima, ila taratibu na daktari wako ajue.

Na presha ya damu msiisahau. Inaharibu retina ile ile.

#38 Chalinze_Nyama

Dereva wa maji na mboga, wewe si ndiye uliyeweka picha ya kuku wa kukaanga kwenye ule uzi wa Kibaigwa?

#39 Dereva_wa_Manyoni

Ile ilikuwa safari ya kikazi.

#40 Mwana_Nkuhungu

Wakuu narudi na mrejesho.

Nimekwenda kliniki ya macho hapa hapa Dodoma, Dar sikurudi. Kwanza daktari alinigeuza kope zote mbili (Mama_Kibaigwa ahsante). Makovu madogo yapo kope ya kulia, akasema si mabaya. Halafu akachukua vikaratasi viwili vyembamba, akavikunja ncha, akaning'iniza kimoja kwenye kila kope la chini, nikaambiwa nifumbe nikae dakika tano. Vinachoma kidogo, unajisikia mjinga umekaa na karatasi zinaning'inia machoni mbele ya foleni. Akavitoa akapima kwa rula sehemu iliyolowa: kulia milimita 6, kushoto 9. Akasema wangependa angalau 10.

Kisha matone ya kutanua mboni. Yanachelewa, wakarudia. Akaangalia retina: kulia safi, kushoto akaona vidoa vyekundu vichache sana, mwanzo kabisa wa madhara ya kisukari. Hakuna kuvuja, hakuna cha kuchoma. HbA1c 8.4.

Jibu lake: leza ya konea kwa sasa hapana. Lete sukari karibu na 7, ikae huko mwaka mzima, namba ya miwani isibadilike zaidi ya 0.50 katika mwaka huo, tumia machozi ya bandia, halafu turudie vipimo vyote. Nilipomuuliza katika hivyo kipi hasa kinachonizuia, akasema vyote kidogo kidogo. Daktari mwingine chumba cha pili, niliyemuuliza nikiwa nasubiri matone, akasema vile vidoa vya retina peke yake visingemzuia kabisa, yeye angehangaika na machozi tu.

Onyo kwa wanaokwenda: msiende na pikipiki. Nilitoka saa saba mchana mboni zimetanuka, jua la Dodoma lile, nikatembea mpaka kituoni nimejikinga kwa kipande cha boksi nilichookota nje ya duka.

#41 Fundi_Fremu

"Namba isibadilike mwaka mzima." Nilisema mimi #28.

#42 Nesi_wa_Macho

"Angehangaika na machozi tu." Nilisema mimi #27 😊

#43 Msomi_wa_Makole

Na vidoa vya retina vimeonekana. Sisemi kitu.

#44 Mpinga_Biashara

Hongera kwa kupimwa na mtu asiyekuuzia kitu. Angalau huyo ameangalia jicho.

#45 Kijana_wa_Chimwaga

Vipi lenzi za kuweka jichoni, zile laini? Si jibu rahisi hilo? Mwenzangu hosteli anavaa.

#46 Nesi_wa_Macho

Kwa jicho kavu la mwenye kisukari sizipendi. Konea inaweza kuwa na ganzi, lenzi ikikwaruza hasikii mpaka kidonda kimeshaingia wadudu. Wapo wanaovaa vizuri, lakini mikono safi, hazioshwi kwa maji ya bomba, hazilaliwi. Mwenzako wa hosteli anazitoa akilala?

#47 Kijana_wa_Chimwaga

Nitamuuliza akiamka.

#48 Bi_Zabibu

@Mwana_Nkuhungu kutoka 8.4 kwenda 7 inawezekana, mimi nilitoka mbali kuliko hapo. Ila msimu wa zabibu funga milango. Watu wanadhani tunda halipandishi. Mimi nikipita Hombolo kipindi hicho nanunua kichala kimoja, nakula punje chache, kinachobaki chote nagawa kwenye basi.

#49 Dereva_wa_Manyoni

Siku ukipanda basi langu niite mapema.

#50 Mtoto_wa_Mpwapwa

Samahani kwa kuchelewa, nimeusoma uzi wote leo. Mimi nilipata kisukari cha mimba, nimejifungua miezi minne iliyopita, sukari imerudi kawaida. Nanyonyesha. Na mimi nahesabiwa kwenye wenye kisukari? Miwani yangu ni -3.

#51 Nesi_wa_Macho

Hongera mdogo wangu. Kisukari cha mimba peke yake kwa kawaida hakiharibu retina, tofauti na mama aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba, huyo lazima afuatiliwe macho mimba nzima. Ila leza ya konea subiri. Mimba na kunyonyesha homoni zinachezesha namba na machozi, wengi wanasubiri mpaka uache kunyonyesha na namba itulie. Na sukari yenyewe uwe unapima kila baada ya muda, aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata aina ya pili huko mbele.

#52 Askari_wa_Ihumwa

Mbona mke wangu alifanyiwa ananyonyesha, India huko, na yuko vizuri tu? Naye alipata kisukari cha mimba.

#53 Nesi_wa_Macho

India sehemu gani kaka? Na machozi yake yakoje sasa?

#54 Askari_wa_Ihumwa

Chennai. Anaona safi, miwani hana. Matone ya machozi ndiyo haachi, moja lipo mkobani, jingine kitandani, na lile la kwenye gari nimekatazwa kuligusa.